Sindano Hainyanyuliwi Katikati

Ninyi wa rika langu, mliokula vumbi jekundu la Kamalondo, kule Lubumbashi, na kukua kwa bukari, ugali wetu, na vitoyo, samaki wa chumvi, nawaandikia ninyi. Vijana wakitaka kusoma, wasome, ila kwanza watoe hizo nyaya masikioni. Enzi zetu muziki haukuwa mali ya sikio la mtu mmoja. Ulikuwa na siku yake, Jumapili baada ya misa na baada ya chakula, na ulikuwa na mahali pake, uani kwetu, chini ya mabati ambayo baba aliyaezeka ili jua lisipinde santuri.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Zamani alishona suti za watu wa ofisini, na Chama kilichotawala kilipokataza tai akahamia kwenye abakosti, koti la kufunga mpaka shingoni, bila kupoteza hata mteja mmoja. Alipenda kusema kwamba kola zimebadilika lakini shingo ni zilezile. Aliposema hivyo mama aliangalia kwanza mlangoni, halafu ndipo akamkaripia.

"Baba Ngoie, ile mudomo yako siku moja itatuletea mambo."

Mama alikuwa na haki ya kuogopa. Sisi watoto tulikuwa tumeshabadilishwa majina kwa amri ya Chama, yale ya ubatizo yakawa ya kunong'onezwa nyumbani tu. Watu hawakuitana tena bwana na bibi, waliitana sitwayeni, yaani raia. Shuleni tulianza asubuhi kwa kupanga mistari na kuimba nyimbo za Chama huku tukitikisa viuno, na ole wake aliyetikisa kivivu. Mtu mmoja wa barabara ya pili alitania picha ya Rais iliyotundikwa ukutani mwa baa, tena utani mdogo, na jioni ileile mkewe alibaki peke yake. Mdomo huponza kichwa, mama alitukumbusha kila tulipotoka kwenda kucheza.

Lakini Jumapili, jamani! Baba alikuwa na fono, mashine ya kupigia santuri, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Aliitoa nje akiwa ameibeba mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine aiguse, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Majirani waliingia mmojammoja na viti vyao vichwani na santuri kwapani. Santuri kubwa, zile zenye nyimbo nyingi kila upande, ambazo wajukuu zangu wanaziita albamu. Kila nyumba ilichagua moja tu ya kuleta, na kuchagua huko kulisumbua watu wiki nzima. Niliwahi kuwasikia mke na mume wa nyumba ya nyuma wakinuniana kuanzia Alhamisi kwa sababu ya santuri ya Jumapili.

Wengi walileta rumba, bila shaka. Mama Zaituni, mke wa mwuza vitambaa mwenye asili ya Maniema, alileta taarabu iliyopita mikono mingi mpaka kutufikia. Mama yangu alikuwa na misa ya Kilatini iliyoimbwa na kwaya ya watoto, na kila mara alilia palepale, mahali pamoja. Vijana wa reli walileta magita makali ya Zambia, yale yanayolia mpaka kuku wanahama ua. Baba alikuwa na Wakuba wake, wale wa kisiwa cha ng'ambo ya bahari. Hakujua hata neno moja la lugha yao, lakini aliimba nao mwanzo mpaka mwisho, akifunga macho, na asiyejua angedhani alizaliwa huko.

Sisi watoto tulikaa chini na vipande vya chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, mkononi, na bakuli la munkoyo, togwa letu la mizizi, likizunguka. Siku za kazi tulifinyanga santuri zetu wenyewe kwa udongo mwekundu, tukazianika juu ya kichuguu, tukachukua mwiba kuwa sindano, na mmoja wetu akaimba kwa niaba ya udongo. Mtoto wa leo ukimpa udongo atakuuliza unachajiwa wapi.

Sasa, uani kwetu palikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyofanya niandike haya yote. Sindano ikishawekwa hainyanyuliwi mpaka upande uishe. Hata kama santuri inakukera, hata kama umeletewa magita ya kuhamisha kuku, unakaa kimya mpaka mwisho. Ikiisha, aliyeileta anasimama na kusema kwa nini ameichagua, na hapo ndipo watani wanapata zamu yao. Baba alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo.

"Diski ni mugeni," alisema. "Mugeni hamuwezi kumufukuza mbele amalize kusema."

Basi ungemwona Mama Zaituni anavumilia magita huku amekunja uso, na vijana wa reli wanavumilia taarabu huku wanapiga miayo. Ikifika zamu yake Mama Zaituni alisimama, akatengeneza mtandio wake, akasema: "Bantu ya Kamalondo, mutulie. Huyu mama anaimba sawa muntu anakunywa chai. Hana haraka, anayua chai ni yake." Watu walicheka, na Jumapili iliyofuata ungewasikia vijana walewale wakiulizia yule mama wa chai.

Mgeni mmoja hakuwa amealikwa na mtu. Shefu Kalenga alikuwa mkubwa wa seli ya Chama barabarani kwetu, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyevaa abakosti aliyoshonewa na baba. Alikuja kila Jumapili, akapewa kiti chenye mito, akanywa kikombe chake cha munkoyo taratibu. Hakuleta santuri hata siku moja. Alisikiliza tu, na hatukujua alisikiliza muziki au alitusikiliza sisi. Alipoingia, watu waliongeza sauti ya kicheko kidogo na kupunguza maneno. Kupitia kwa shangazi mmoja alikuwa ameshatuma neno kwamba mpwa wake anamtaka dada yangu.

Dada yangu, Yaya Ngoie, alikuwa na lake moyoni. Alimpenda Musonda, kijana wa reli aliyefanya kazi kwenye treni za kwenda Sakania, mpakani na Zambia. Musonda alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye mikono inayonukia grisi hata akioga mara ngapi, na hapakuwa na mtu pale Kamalondo aliyejua santuri kuliko yeye. Ukimwimbia kipande kidogo tu alikuambia kiko upande gani. Baba hakumtaka. Alisema mtu wa treni ana kwake huku na kwake kule. Ila kumkatalia Musonda kulikuwa kumfungulia mlango mpwa wa Shefu, na hilo baba hakulitaka hata zaidi. Akakaa katikati, hakusema ndiyo wala hapana, na dada yangu akakonda mbele ya macho yetu.

Mwishowe baba alitoa neno. Barabarani kwetu kulikuwa na desturi kwamba kijana anayetaka binti wa nyumba lazima kwanza alete santuri mbele ya ua mzima. Hakuna mazungumzo ya wazee kabla ya hapo. Baba aliamini kwamba mtu anaweza kuazima viatu na kuazima maneno, lakini santuri anayoichagua itamtaja alivyo. Musonda akaambiwa alete yake Jumapili inayofuata.

Wiki ile nyumba yetu haikulala vizuri. Yaya Ngoie alimsihi Musonda asilete magita. Alete rumba, ile ya polepole, yenye saksafoni, ambayo baba aliisikia mahali akaisifu. Musonda alikuwa nayo. Alimwonyesha jalada lake, lenye picha ya waimbaji waliovaa mashati ya maua, na dada akaligusa kwa vidole viwili kama mtu anayegusa pasi kujua imepata moto au bado. Nilikuwepo, niliona alivyotabasamu.

Wala sisi hatukujua kilichotokea katikati ya wiki hiyo, treni ya Musonda ilipopita Sakania. Watu wa reli walikuwa na mazoea yao. Pale kizuizini askari walipekua mizigo na kuchukua santuri zilizowapendeza au walizozitilia shaka, basi wenye santuri walizibadilisha majalada, na karatasi ile ya katikati yenye majina waliibandua kwa maji na sabuni. Ukifika nyumbani unazirudisha kila moja mahali pake. Safari ile Musonda alikuwa na santuri mbili. Moja ni rumba yake, aliyokwenda nayo Ndola kumfurahisha rafiki. Nyingine alipewa huko na mzee mmoja wa kwetu aliyekimbilia ng'ambo miaka ya nyuma, amletee dada yake aliyebaki Lubumbashi. Musonda hakuuliza ni nini. Mzee akikutuma, unapokea kwa mikono miwili. Akabadilisha majalada, akavuka salama, akafika kwake akiwa hana kingine kichwani ila Yaya Ngoie. Hakuyarudisha.

Jumapili ile ua ulijaa mpaka watu wakakaa ukutani. Mama alikuwa na bukari motoni, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa ajili ya wageni. Shefu Kalenga alikuwa kitini pake, na mpwa wake amesimama nyuma yake, amenyoa vizuri. Musonda aliingia na jalada la mashati ya maua, akainama mbele ya baba, akalitoa. Baba aliivuta santuri, akaifuta kwa kitambaa cha hariri, akaona haina jina katikati. Hilo halikumshangaza, santuri za watu wa reli zote zilikuwa hivyo. Akaweka sindano.

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu tarumbeta, halafu ngoma za gwaride. Nikafikiri, hii rumba inaanza vibaya. Kisha sauti za wanaume wengi zikaingia kwa Kiswahili chetu hiki cha hapahapa, na katika mstari wa kwanza tu zikalitaja jina. Katanga.

Mwenye umri wangu hana haja ya kuelezwa. Kwa vijana nitasema hivi: mkoa ulikuwa umepewa jina la Shaba, na lile la zamani lilikuwa limefutwa kwenye ramani, kwenye vibao na kwenye midomo. Kulitamka kulikuwa ni kusema kwamba unautamani ule wakati mkoa wetu ulipojitenga na nchi. Na hawa hawakuwa wamelitamka tu. Waliliimba kwa tarumbeta, uani kwetu, mlango wa barabarani ukiwa wazi.

Mimi nilikuwa mtoto, sikuujua wimbo ule. Nilichokijua ni kwamba watu wazima wote walikoma kwa pamoja. Mwiko wa mama ulisimama ndani ya bukari. Mtu aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna na shavu lake likabaki limejaa. Uso wa Musonda ulikuwa wa majivu, na Yaya Ngoie alimtazama yeye, akatazama lile jalada, akaelewa kabla yangu.

Mkono wa baba ulikuwa umeshafika juu ya sindano. Naukumbuka mkono ule kuliko picha yoyote niliyonayo ya baba, vidole vyenye alama za sindano ya kushonea, vimesimama hewani. Kila mtu aliutazama. Shefu Kalenga naye aliutazama. Na nilivyokuja kuelewa ukubwani, pale ndipo mtego ulipokuwa. Baba akinyanyua sindano, yeye ambaye hakuwahi kuinyanyua kwa santuri yoyote, atakuwa amekiri kwamba anaujua wimbo huo na ubaya wake. Asipoinyanyua, utaimba mpaka barabarani, na barabara nzima itakuwa shahidi.

Musonda akasimama.

"Shefu, ile diski, miye njo..."

"Kaa, kijana," baba alisema. Hakupaza sauti. "Huku kwetu hatusemake wakati diski inaimba."

Akaurudisha mkono wake mapajani. Akakaa.

Basi tukasikiliza. Upande mzima, ndugu zangu. Sijawahi kusikiliza muziki kwa namna ile tena na siombi. Nyimbo zilifuatana, nyingine za gwaride, nyingine za polepole za kusifu mito na migodi na mama zetu, na zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri sana. Hapakuwa na mtu aliyetikisa kichwa. Hapakuwa na mtu aliyefukuza nzi. Mama Zaituni alikuwa akihesabu tasbihi chini ya mtandio. Mpwa wa Shefu aliinama mara mbili kutaka kumnong'oneza mjomba wake, na mara zote mbili Shefu aliinua kidole kumnyamazisha.

Mimi niliyekaa chini nilikuwa nauona uso wa Shefu kutokea chini, mahali ambapo waliokaa vitini hawakupaona. Kikombe alikuwa amekishika mbele ya mdomo kama anayekunywa, lakini hakunywa. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anayajua maneno, yote, hata ya wimbo wa mwisho, na jasho lilikuwa limeilowesha kola ambayo baba aliishona.

Santuri ikaisha. Sindano ikawa inakwaruza katikati, kwaru, kwaru, na kwa desturi huo ndio wakati wa mwenye santuri kusimama. Musonda alianza kuinuka. Yaya Ngoie alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sitwayeni," Shefu alisema, "hii diski njo ya nani?"

"Njo yangu," baba alijibu.

"Yako weye?"

"Yangu. Iko siku mingi mu nyumba. Mutoto alileta yake, miye nikakamata hii. Macho ya fundi, Shefu, inachoka."

Kila mtu alikuwa ameiona santuri ikitoka kwenye jalada la Musonda. Kila mtu, pamoja na Shefu. Mama aliketi chini polepole, palepale kando ya mbabula. Baba aliendelea kumtazama Shefu usoni, hakupepesa, na Shefu akamtazama baba, na kikombe kikashuka hadi gotini. Nadhani baba naye aliiona midomo ile. Sikuwahi kumwuliza.

Shefu Kalenga alipumua kwa pua.

"Baba Ngoie, diski yako imeharibika. Miye sikusikia wimbo. Nilisikia tu makelele."

"Kweli, Shefu. Imeharibika."

"Diski ya kuharibika, banaichoma."

Baba akainyanyua sindano, akaitoa santuri, akaondoa sufuria ya bukari kwenye mbabula na kuiweka ile santuri juu ya makaa. Ilijikunja pembeni kwanza, halafu ikalegea, ikadondoka kati ya makaa kwa moshi mweusi wenye harufu ya kukaba koo. Watoto wadogo walikohoa. Shefu hakuondoka mpaka pasibaki umbo. Kisha akavaa kofia yake, akashukuru kwa munkoyo, akatoka na mpwa wake, na hatukusikia tena neno la uchumba upande ule.

Baba aliingia ndani, akatapika. Mama alimshikia kichwa huku akimtukana na kumbusu kwa zamu.

Usidhani kilichofuata ni furaha tupu. Baba alimkubali Musonda, ndiyo, na ndoa ilifanywa haraka, bila ngoma kubwa. Alisema kijana aliyesimama mara mbili kutaka kubeba mzigo wake mwenyewe ana mgongo. Ila palepale akawaambia wahamie Sakania, wakae mbali na barabara yetu, na dada yangu aliondoka na machozi ya kila namna. Jumapili iliyofuata baba alitoa fono, akapanga viti, akasubiri. Wa kwanza hakuja, wala wa pili. Mama Zaituni alituma mtoto aseme kichwa kinamwuma. Hatukumlaumu mtu. Waliokuwa uani siku ile walikuwa wameshiriki wimbo ule wote, na watu walioshiriki siri ya namna hiyo huogopa kuonekana pamoja. Kuanzia hapo kila nyumba ilipiga santuri zake ndani, dirisha limefungwa, sauti chini.

Leo jina la Katanga liko kwenye vibao na kwenye fulana za vijana, wanalitaja hata wakiagiza bia. Nyimbo nazo zimejaa kwenye simu, za dunia nzima. Mjukuu wangu akipewa wimbo asioupenda anauruka kwa kidole kabla mwimbaji hajavuta pumzi, na nikimwambia asubiri ananiuliza, "Koko, nasubiri nini?" Hofu ile siitamani, na anayesema enzi zetu zilikuwa tamu tupu anasahau makusudi. Lakini nawakumbuka wale watu, mwenye rumba, mwenye taarabu na mwenye misa, kila mmoja akivumilia kipenzi cha mwenzake mpaka anaanza kukipenda, na roho inaniuma.

Musonda bado yu hai, mzee wa mvi sasa, na Yaya Ngoie bado anamfulia mashati. Watoto wao wamemnunulia simu wakaijaza muziki wote alioujua ujanani. Krismasi iliyopita tulikuwa kwao, sebule imejaa, spika iko tayari, na mtoto wa mwisho akampa ile simu mkononi amwambie aanze na upi. Mtu aliyezijua santuri kuliko wote Kamalondo aliitazama muda mrefu. Kidole chake kilikwenda, kikasimama, kikarudi.

"Uchague weye," alisema, akampa mkewe ile simu. Dada yangu aliipokea bila kushangaa. Aliniambia jikoni kwamba tangu Jumapili ile hajamwona akichagua wimbo hata mmoja.